Ndivyo Akuavyo, Si Auavyo: Kijana Muuaji Katika Riwaya za Taharuki

Wapenzi wa lugha, mwezi uliopita nilipokea mswada wa riwaya kutoka kwa kijana mmoja ambaye baadhi yenu mnazifahamu tungo zake. Simtaji jina, kwa kuwa mswada ni wake na bado haujatoka. Aliniomba nimwandikie dibaji. Nimeusoma mara mbili. Lugha yake ni safi, mandhari yanaonekana, na taharuki imefumwa vyema hata mzee mimi nikajikuta nimekesha. Hata hivyo, dibaji sijaiandika. Nimemwomba ruhusa nitoe sababu zangu hadharani, naye ameridhia, kwa maana suala lenyewe linatuhusu sote tunaoandika na kusoma kwa Kiswahili.

Riwaya inamhusu mvulana wa miaka 16 anayetawaliwa na wazo la msichana mmoja wa darasani kwake. Anamfuata kila aendako, anaandika katika daftari kila atendalo, na kila anayemkaribia msichana huyo anapotea mmoja baada ya mwingine. Kurasa zaidi ya 200 tunajiuliza: kwa nini? Sura ya mwisho inajibu: baba wa kambo, mkanda, chumba cha giza. Hapo kitabu kinafungwa. Msomaji anashusha pumzi na kusema, "Kumbe ndiyo maana."

Ni hiyo "kumbe ndiyo maana" ninayotaka tuijadili.

Riwaya ya kihalifu ya Kiswahili haikuanza na swali hili. Waliokua na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale, wanakumbuka kwamba swali lilikuwa "nani?" Mpelelezi alikusanya vidokezo, akawahoji watu, na mwishoni akatuonyesha mkosaji. Riwaya ya taharuki ya kisaikolojia huligeuza swali hilo. Mara nyingi muuaji tunamjua mapema, au tunamshuku tangu mwanzo, kilichofichwa ni "kwa nini?" Na muuaji anapokuwa kijana wa balehe, "kwa nini" hiyo haina pa kwenda ila utotoni. Mtu mzima ana ndoa, kazi, madeni na vita vya kusingizia. Kijana wa miaka 16 ana nyumba aliyolelewa tu.

Walioandika kabla yetu wametoa majibu mawili makubwa. La kwanza ni la damu. Mwaka 1954 Mmarekani William March alichapisha The Bad Seed, riwaya ya Rhoda, msichana wa miaka minane mwenye adabu na nywele zilizosukwa vizuri, ambaye anaua bila kutikisika. Mama yake anakuja kugundua kwamba yeye mwenyewe alizaliwa na mwanamke muuaji, na kwamba uovu umemrukia mjukuu. Kiswahili kina methali ya jibu hili: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Jibu la pili ni la malezi. Mwaka 1974 Stephen King, aliyekuwa akifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari huko Maine, alitoa riwaya yake ya kwanza, Carrie. Kurasa za mwanzo alikuwa amekwisha kuzitupa kwenye pipa la taka, mkewe akaziokota na kumhimiza aendelee. Carrie White ni binti wa shule anayefungiwa kabatini na mama aliyepofushwa na dini, huku wenzake shuleni wakimzomea na kumdhihaki. Usiku wa dansi ya shule wanammwagia ndoo ya damu ya nguruwe, naye anaiteketeza shule na sehemu kubwa ya mji kwa nguvu za fikra zake. Carrie ni riwaya ya kutisha kuliko kuwa ya kisaikolojia, lakini ilifungua mlango ambao wengi wameupitia tangu hapo. Methali yake tunaijua sote: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nakiri kwamba kutoka methali ya kwanza hadi ya pili yalikuwa maendeleo. Anayesema "mtoto wa nyoka" hana la kufanya ila kutafuta fimbo. Anayesema "umleavyo" amekubali kwamba kuna mtu mzima wa kuulizwa. Kijana mwenye mswada ananiambia kwamba aliandika kwa nia hiyo hiyo, ili jamii imhurumie muuaji wake na kuwaogopesha wazazi wakatili. Nia hiyo naiheshimu. Wasiwasi wangu ni kwamba ameisoma methali upesi mno.

Niruhusuni nirudi ubaoni kidogo. Tazameni kitenzi "umleavyo." Kiambishi u- ni cha nafsi ya pili umoja: wewe. Yule -m- ni mtoto, mtendwa. Methali haimwelekei mtoto kidole. Inamsemesha mlezi uso kwa uso. Kisha tazameni "akuavyo." Hapa mtoto amekuwa mtenda, na kitenzi alichopewa ni kukua. Kukua hakujafika mwisho. Mti uliopindwa ungali unakua, na unaweza kutafuta mwanga upande mwingine. Basi methali ni onyo kwa mzazi kuhusu jambo linaloendelea, wala si hukumu juu ya mtoto kuhusu jambo lililokwisha. Riwaya dhaifu za aina hii huidondosha herufi moja tu, ile k, na kutuachia: mtoto umleavyo ndivyo auavyo. Kwa kudondosha huko, malezi yanakuwa damu nyingine, na tunarudi kwa nyoka na mwana wa nyoka tukidhani tumesonga mbele.

Sisemi haya kwa kuichukia fani. Waandishi wake bora wanayajua fika. Nitataja wawili, na ambao hawajawasoma waniwie radhi, kwani sina budi kufichua miisho.

Wa kwanza ni Gillian Flynn wa Marekani na riwaya yake ya kwanza, Sharp Objects, ya mwaka 2006, iliyotengenezewa tamthilia ya televisheni mwaka 2018. Camille, mwandishi wa gazeti mjini Chicago, anarudi katika mji mdogo alikozaliwa, jimbo la Missouri, kuripoti mauaji ya wasichana wawili. Mama yake, Adora, ana ugonjwa wa mlezi anayemdhuru mtoto kwa siri ili apate kumuuguza na kusifiwa kwa kumuuguza. Binti mmoja alikwisha kufa mikononi mwake. Mwishoni tunajua kwamba aliyewaua wale wasichana ni Amma, mdogo wake Camille, mwenye miaka 13, ambaye kwa wivu hakuvumilia mtu mwingine aangaliwe na mama yake. Meno ya marehemu ameyafanya sakafu ya nyumba yake ya wanasesere, iliyo mfano wa nyumba ya mama.

Mnaona kinachonivutia? Katika nyumba ile ile, kwa mama yule yule, kuna mabinti wawili walio hai. Mmoja ameua. Mwingine, Camille, hajamgusa mtu. Amejichanja maneno mwilini mwake mwenyewe, neno baada ya neno, hadi ngozi imejaa kama ukurasa. Sisi washairi tusiipite picha hiyo haraka. Ni mtu aliyekosa wa kumsikiliza, akaandika pale pasipofutika. Na mwisho wa kitabu, akikumbuka alivyomtunza Amma, anajihoji kama utunzaji ule ulikuwa wema au ulikuwa ugonjwa wa mama yake uliomwingia. Flynn haandiki "kumbe ndiyo maana." Anamweka mtoto wa pili ndani ya nyumba, na kwa kuwapo kwake tu, mtoto huyo anakataa hesabu rahisi.

Wa pili ni Kanae Minato wa Japani, aliyewahi kuwa mwalimu wa maarifa ya nyumbani. Riwaya yake, inayojulikana kwa Kiingereza kama Confessions, ilitoka mwaka 2008, mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo ya wauza vitabu wa nchi hiyo, na mwaka 2010 Tetsuya Nakashima akaitengenezea filamu. Inaanza na mwalimu akiwaaga wanafunzi wake. Anazungumza kwa utulivu kuhusu maziwa waliyokunywa na kuhusu binti yake wa miaka minne aliyekufa katika bwawa la shule, kisha anawaambia kwamba waliomuua wamo darasani humo. Wana miaka 13, na sheria ya Japani haimpi adhabu ya jinai mtoto aliye chini ya miaka 14. Kwa hiyo mwalimu ameamua kulipiza mwenyewe.

Mmoja wa wavulana hao, Shuya, alipigwa na mama msomi aliyeona mtoto amemzuia katika taaluma yake, kisha mama akaondoka. Tangu hapo maisha ya mvulana yanatawaliwa na wazo moja: afanye jambo litakalomfanya mama ageuke amtazame. Alibuni kifaa, akashinda shindano la sayansi, lakini siku hiyo magazeti yalishughulika na msichana aliyewaua watu wa familia yake. Akajifunza somo baya kutokana na hilo. Hadi hapa, ndugu msomaji, unaweza kusema "kumbe ndiyo maana." Lakini mshirika wake, Naoki, hakupigwa. Mama yake alimdekeza, akamtetea kwa kila kosa, akawalaumu wengine kwa kila alichotenda. Na ni Naoki aliyemtupa mtoto majini. Kisa kile kile kinasimuliwa na mwalimu, na msichana wa darasani, na jamaa, na wavulana wenyewe, kila mmoja na sababu zake. Tukifika mwisho tuna sababu nyingi, na hakuna hata moja inayotosha. Hapo ndipo Minato anapotuacha, na amefanya haki.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa mswada ulioniletea kazi hii umeandikwa kwa Kiswahili na utasomwa na watoto wetu. Mwaka 2009 ulifanyika Tanzania utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu yao, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana karibu 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia, na wavulana takriban 1 kati ya 7. Ifanyeni hesabu. Kama mkanda wa baba wa kambo ungetosha kumzaa muuaji, nchi hii ingekuwa imebaki tupu. Wengi wa vijana hao leo wanalima, wanafundisha, wanaendesha bodaboda, wanaimba kwaya, wanaandika mashairi. Baadhi yao wanasoma maandishi haya. Mwandishi anayewaambia kwamba maumivu yao ni utabiri anawapiga mara ya pili.

Wala riwaya yetu haikuwa ngeni katika nyumba ya mlezi mkatili. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Zakaria, baba mlevi, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anafungiwa ndani na baba anayejiona mlinzi wa heshima. Mabinti hao hawakushika kisu dhidi ya watu. Ukatili waliotendewa uliwageukia wenyewe, na Rosa akajiua. Anayetaka kuandika taharuki ya kisaikolojia kwa Kiswahili ana urithi huo. Asiupite akidhani anaanza upya.

Kuna jambo la lugha pia. Katika mswada mzima, yaliyompata mvulana yanaitwa kwa neno moja: mateso. Kiswahili si maskini kiasi hicho. Tuna kuchapa na kupiga, kuonea na kunyanyasa, kusimanga, kudhulumu, kutelekeza, kunajisi. Kila kimoja kina sauti yake, na kila kimoja humwachia mtoto jeraha la aina yake. Tuna pia ule msemo wa hatari, "kumtia adabu," ambao chini yake mtu anaweza kuficha lolote. Mwandishi anayesema "mateso" na kusonga mbele hajaandika bado. Amefanya kama mtegaji wa kitendawili: msomaji amejitahidi kurasa 200, ameshindwa, ametoa mji, ndipo anaambiwa jibu. Lakini maumivu ya mtoto si jibu la kitendawili. Hayakuwapo ili sisi tustarehe tukikisia.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuishia, lakini sitakuwa mkweli nikiishia hapo.

Mwaka 1994 nilikuwa nikifundisha kidato cha pili katika shule moja ya kutwa. Nilitoa insha: "Usiku Nisioweza Kuusahau." Mvulana mmoja, mkimya, wa dawati la nyuma, aliandika kuhusu mtoto anayeishi kwa mjomba wake. Kila usiku mtoto huyo anasimama kwenye mlango wa chumba cha mjomba, mkono mmoja kibiriti, mkono mwingine chupa ya mafuta ya taa, akihesabu mikoromo. Akifika mia moja anarudi kulala. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu, na nilijivunia kalamu yangu nyekundu. Alipoandika "mafuta ya taa ilimwagika," nilikata "ilimwagika" nikaweka "yalimwagika." Nilimpa alama 14 kati ya 20, na chini nikaandika: "Ubunifu mzuri. Zingatia upatanisho wa kisarufi."

Nilikutana naye tena baada ya zaidi ya miaka 20, katika stendi ya mabasi. Alinitambua yeye. Alinipa shikamoo, akanibebea begi, tukaketi kungoja basi. Tulizungumza habari za shule, waliofariki na walio hai. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mwalimu, ile insha sikubuni." Nilimuuliza ipi, ingawa nilikwisha kujua. Akasema, "Niliporudishiwa daftari nilidhani ungeniita."

Hakuua mtu. Kila usiku alihesabu hadi mia moja, akarudi kulala, hadi alipomaliza kidato cha nne na kuondoka nyumba ile. Leo ana mke na watoto na karakana ndogo ya kuchomelea vyuma. Sikumuuliza anawalea vipi watoto wake. Sikuona kama nina haki ya kuuliza, mimi ambaye sikuuliza ilipokuwa kazi yangu kuuliza.

Tangu siku ile siwezi kusoma riwaya za vijana wauaji kama nilivyokuwa nikizisoma. Kila mara namtafuta mtoto aliyesimama mlangoni na kurudi kulala, na mara nyingi simpati. Namtafuta pia mtu mzima aliyekuwa na daftari mkononi akaona upatanisho wa kisarufi tu, na huyo simpati kabisa. Baba wa kambo yumo daima, maana ni rahisi kumchukia. Mwalimu, jirani, shangazi na mjumbe wa mtaa, waliosikia kilio na kuongeza sauti ya redio, wamesamehewa na hadithi.

Kwa hiyo, mwanangu mwenye mswada, jibu langu ni hili. Dibaji nitaiandika, tena kwa furaha, ukikubali kurudi mezani. Itoe sura ya mwisho uilete mbele, msomaji ajue tangu mwanzo yaliyompata mvulana, kwa majina yake halisi. Usihofu kwamba taharuki itapotea. Taharuki iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya mlangoni: mikoromo 98, 99, na hatujui mkono utafanya nini. Mpe dada au ndugu aliyepigwa kwa mkanda ule ule na ambaye hakuua, ili mvulana wako awe ameamua, asiwe amesukumwa tu kama jiwe mlimani. Mtu asiye na uamuzi hatuwezi kumhukumu. Lakini hatuwezi kumhurumia pia, kwa sababu hayupo. Kisha mwandike yule mtu mzima wa daftari. Ukikosa mfano, mfano unaye.

Nawe msomaji, kama hukubaliani nami, andika. Wapo watakaosema kwamba fasihi haiwajibiki kwa takwimu, na kwamba muuaji mmoja wa kubuni si fasili ya watoto wote. Hoja hiyo ina uzito, na nitaipokea. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuidondosha ile k, tuisome methali hadi mwisho.

Na kwa kuwa hapa ni baraza la washairi, nawaachia ubeti mmoja, niliojiandikia mwenyewe kwanza:

Mwalimu, shika kalamu, kabla hujasahihisha,
Yasome kwa ufahamu, yale anayoonesha,
Si nyoka huyu wa sumu, ni mtoto wa kuvusha,
Uliza, usilaumu, kimya chako chamchosha.